Weusi Nilioutukana

Ulimi wangu umenigharimu dola mia mbili, nilizozihesabu mara mbili kabla ya kuzitoa.

Mama Kabedi, mjane wa fundi wa reli, alikuwa anauza sarafu ya fedha ya enzi za mfalme wa Wabelgiji. Herufi zote zilisomeka, na weusi wa miaka mingi ulikuwa umeilalia vizuri. Sisi wakusanyaji wa sarafu za kale tunalipia weusi huo. Lakini mimi, fundi wa kushusha bei, nikakunja uso mbele ya majirani zake.

"Mama, hii iko muchafu. Ingekuwa inang'aa, ningekupatia mia mbili. Hivi ilivyo, mia moja."

"Ngoja kidogo, papa."

Akaingia jikoni. Nilidhani anatafuta karatasi ya kuifungia. Akarudi na majivu mikononi, sarafu inameta kama sufuria mpya, na pua ya mfalme imekwanguka.

"Angalia sasa! Leta mia mbili."

"Mama, umeiharibu! Weusi ndio ulikuwa bei yake!"

Mama akanitazama.

"Kumbe ulijua iko muzuri, papa?"

Nikalipa. Wakusanyaji wenzangu, nishaurini: uchafu unarudishwaje?