Saa Moja ya Zdravka

Kwa miaka tisa Zdravka, fundi wa taa za jukwaani mjini Plovdiv, ametunza bila malipo kifurushi kimoja cha mfumo huria wa kompyuta: programu inayopeleleza mtandao na kueleza mashine zipi ziko hewani. Leo saa kumi jioni toleo jipya lingefungwa, na kifurushi chake kilikuwa kimegoma kujengeka, yaani kugeuzwa kuwa programu inayoweza kutumika. Kikikosa nafasi hiyo, kingetupwa nje.

Akampigia Ognyan, msimamizi wa toleo. "Kaka, niongezee siku moja."

"Hata dakika, dada! Jaribio la kukagua kifurushi chako linatafuta mashine ya nje, na mitambo yetu ya kujengea haina intaneti. Kwako lilipita kwa kuwa unayo. Mkongwe mzima!"

"Basi nipe saa moja tu, nami nitailea ile programu yako ya printa iliyokosa mlezi."

"Ile yenye kasoro arobaini?"

"Zote nazibeba."

"Saa moja. Kimbia!"

Zdravka akalibadilisha jaribio lipeleleze mashine ileile linamoendeshwa, bila kuhitaji intaneti. Dakika ya hamsini kifurushi kikajengeka. Akarukaruka, akajikatia kipande cha banitsa, andazi la jibini, akacheka. Hakumwambia Ognyan kwamba kasoro thelathini alikuwa ameshazitengeneza, maana printa ya ukumbi wao ilikuwa inamsumbua.