Saa Saba ya Nzomo

Ungemwuliza Shee Bwanaheri anafanya kazi gani, angekujibu bila kutabasamu kwamba anasaidia mashine zijue saa. Wenzake ofisini, katikati ya jiji, walidhani anatania. Wapi! Data inaporushwa kwa kasi kutoka mnara hadi mnara, haifuatani na saa ya kuipimia. Mashine inayopokea husikiliza mapigo yenyewe, yanavyopanda na kushuka, na kutokana na mapigo hayo ikajitengenezea saa yake. Ikikosea saa, ujumbe wote unageuka takataka.

Alitoka Lamu akiwa kijana, na mwaka huo wa 2004 alitimiza miaka ishirini na miwili Nairobi. Walimpenda, na walimcheka kwa salamu zake ndefu: hujambo, za nyumbani, watoto je, mama je, za tangu juzi. Norman, mkubwa wake, alikuwa na jibu moja kwa zote.

"Poa, mzee. Sema shida."

Mwezi huo shida ilikuwa mtaani Kitisuru. Ofisi moja ya utafiti ililalamika kwamba laini yao inakatika. Chini ya mnara wao alikaa mlinzi, Nzomo, mtu wa makamo na mpole, aliyepewa daftari aandike kila mara taa nyekundu ya mtambo inapowaka. Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: Jumatatu, 7:00. Jumanne, 7:05. Jumatano, 7:00. Shee alipoletewa daftari, alifungua kumbukumbu za mtambo wa mjini akazipekua asubuhi zote hizo. Hakukuta kitu. Basi akatia sahihi ripoti kwamba mlinzi anajitungia tu. Norman akaipeleka kwa kampuni ya ulinzi, na Nzomo akapewa barua: mwisho wa wiki kazi basi, kwa sababu ya uongo.

Alhamisi Shee alilazimika kwenda Kitisuru kubadilisha waya. Njia nzima alikuwa akiomba Nzomo awe likizo. Hakuwa likizo. Alimfungulia geti, akamletea kiti.

"Fundi, mimi sikudanganya mtu," alisema Nzomo. "Wewe keti tu. Saa yake inakaribia."

"Saa ya nini?"

"Ya hiyo taa. Hawa watu wakienda kula, haichukui muda."

Wafanyakazi wakatoka mmoja mmoja. Pakawa kimya. Taa nyekundu ikawaka.

Shee akatazama saa ya mkononi. Saa saba mchana! Nzomo aliandika saa kama inavyotajwa kwao Ukambani, na kama inavyotajwa Lamu kwa mama yake Shee. Naye Shee, mtoto wa Mswahili, aliiona ile saba kwenye karatasi akaisoma Kizungu, ikawa asubuhi. Aliona haya, haya hasa.

Kilichobaki alikijua. Watu wakienda kula, laini hubeba sifuri tupu, sifuri kwa sifuri. Hakuna kinachopanda wala kushuka, na mashine ya upande wa pili, ikikosa pigo la kushikia saa, inapotea. Dawa yake ipo siku nyingi: kila zinapofuatana sifuri nne, mashine inayorusha hutia alama isiyo na ujumbe wowote, ya kumshikia mwenzake saa tu, na mwenzake huitoa. Kuna swichi ndogo ya kuiwasha. Wakati wa masika radi iliunguza kadi za mitambo ya pande zote mbili, na aliyetia kadi mpya ni Shee mwenyewe. Akafungua mtambo. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Ni kama salamu zangu," alimwambia Nzomo. "Hazina habari ndani, lakini tukiziacha tunapotezana."

Akampigia Wanjira, fundi mwenzake aliyekuwa mjini, awashe swichi ya upande wake. Taa ikageuka kijani, ikabaki kijani mpaka watu wakarudi kutoka kula. Kisha akampigia Norman.

"Safi sana!" alisema Norman. "Sasa andika soja alikosea kuandika saa, tumalize hiyo maneno."

"Soja hakukosea. Aliandika saa saba, na ilikuwa saa saba. Aliyekosea kusoma ni mimi, na kadi nilizitia mimi. Andika jina langu, na ile barua yake irudishwe leo."

"Itabidi nikupe barua ya onyo, mzee."

"Nipe."

Jioni, Shee akiwa bado pale, kampuni ya ulinzi ilipiga simu: Nzomo aendelee na kazi. Shee alidhani atamwona akiruka kwa furaha. Nzomo alishukuru, akainama akikunja kona ya daftari.

"Kazi nimerudishiwa, fundi, sawa. Lakini ile barua mke wangu aliisoma. Imesema mimi ni mwongo."

Jumamosi Shee alivaa kanzu safi akaenda mtaa wa Satellite, akaulizia nyumba ya Nzomo mpaka akaipata. Mkewe, Ngina, hakumkaribisha. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akamsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, kadi, swichi, saa na yote. Kisha akasogea pembeni ili Shee apite ndani.