Bushi za Mzee Chini Kwanza

Mmeniganda kama kupe: andika, bibi, andika. Mnadhani kalamu ni ufagio, mtu anainua tu? Mimi herufi nimezijulia uzeeni, na mpaka leo naziburuta kama mbuzi anayepelekwa kwa mchinjaji. Tena kisa chenyewe si cha kuchekesha. Ni cha mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, na ruhusa kanipa mwenyewe. Alisema, "Dada, andika wewe. Mimi kulitamka siwezi." Basi naandika, na atakayeona herufi imepinda aipinde shingo yake aisome hivyohivyo.

Mume wa mdogo wangu alikuwa fundi wa magari. Miaka thelathini na minane alilala chini ya magari ya watu, na gereji nzima ilimwita Mzee Chini Kwanza. Jina hilo alilipata kwa ajili ya bushi. Bushi ni raba nene yenye bomba la chuma katikati. Hukaa pale mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapoungana na bodi, kazi yake kumeza mtikisiko. Sasa ukiweka bushi mpya, bolti zake huzikazi gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia. Ukizikaza hapo, gari likishuka raba inabaki imesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na haichukui muda itachanika. Unalishusha kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo unakaza. Kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwake alifokewa: "Chini kwanza! Chini kwanza, kichwa maji wewe!" Hata mwanawe wa kumzaa alizabwa kibao kwa hilo.

Mdogo wangu naye si haba. Watoto walipokuwa shule, yeye ndiye aliyempa mumewe vifaa. Namba hazisomi, lakini mfunge macho, mwambie spana ya kumi na saba, atakupa ya kumi na saba kwa kupapasa tu.

Mzee alipostaafu alibaki na gari lake kuukuu uani. Siku moja mwana alikuja, akaliendesha, nyuma likawa linagonga ngo, ngo, ngo kila shimo.

"Baba, hili tuliuze kabla halijawaua."

"Limechoka bushi tu. Nitazibadilisha mwenyewe, hapahapa nyumbani."

"Kwa mgongo huo?"

"Mgongo ni wangu, sijauazima kwako."

Mwana akacheka, akasema, "Haya, Baba. Nikirudi baada ya miezi miwili likiwa kimya, sitalisema tena. Likigonga, funguo unanipa."

Wakapeana mikono. Na msidhani ni gari lile tu. Jirani akitaka kurekebisha chochote siku hizi alikwenda kwa mafundi vijana wa barabarani. Lile gari ndilo pekee lililokuwa bado linamwita fundi.

Basi asubuhi akalipandisha, akaliweka juu ya stendi, akavua magurudumu ya nyuma. Mdogo wangu alichuchumaa pembeni na tochi. Jirani yao, fundi cherehani, alileta kigoda chake akakaa kutazama, maana nguo za kushona hazikuwepo. Bolti zilikuwa zimekula kutu. Zilimwagiwa mafuta, zikagongwa, zikatukanwa, zikatoka. Bushi za zamani alizikata kwa msumeno. Mpya hakuwa na mashine ya kuzisukumia, akatumia bolti ndefu na kipande cha bomba, raba kaipaka sabuni, akawa anakaza taratibu mpaka inazama mahali pake. Kazi safi. Mwenye macho angeisifu.

Ubaya ulianzia kwenye spana. Mzee aliingiza mkono kwenye boksi, akatoa moja.

"Hiyo si yake, mzee," mdogo wangu akasema. "Chukua ya kumi na tisa."

Mzee akaijaribu hiyohiyo aliyoitoa, ikacheza kwenye nati kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Fundi cherehani akapiga paja kwa kicheko. "Loo! Kumbe miaka yote fundi alikuwa shemeji, na wewe tulikuwa tunakuheshimu bure!"

Mzee hakucheka. Alimtazama mkewe, akasema polepole ili jirani asikie vizuri, "Wewe umeitwa hapa kushika tochi. Tochi haina mdomo."

"Sawa," mdogo wangu akajibu.

Nawajua watu wa kwetu. Sisi tukisema sawa, kaa mbali.

Mzee akarudi chini, hasira zimempanda mpaka masikioni. Akachomeka bomba refu kwenye spana ya kumi na tisa apate nguvu, akaanza kukaza. Gari bado liko juu! Mdogo wangu aliona. Ulimi uliinuka mpaka ukagusa meno, akaurudisha. Akajiambia, atakumbuka mwenyewe akifika ya pili. Mzee akakaza ya pili. Akajiambia, basi atajijua. Mzee akatoka, akapangusa mikono, magurudumu yakarudishwa, gari likashushwa, fundi cherehani akasema heko.

Kuziregeza bolti na kuzikaza upya ilikuwa kazi ya nusu saa. Neno moja tu. Mdogo wangu alilingojea kwanza la mumewe: anitake radhi, nami nitamwambia. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Mzee hakuomba radhi kwa sababu hata hakukumbuka kwamba alimtukana. Gari lilikuwa kimya kama paka, na yeye alilizungusha mtaa mzima, mkono nje ya dirisha, anasalimia watu ambao hawakumsalimu. Mdogo wangu kakaa kando yake, anayahesabu mashimo.

Wiki ya sita likaanza kulia. Ya nane mwana akaja. Aliliendesha mpaka njia panda, akarudi, akaingia chini na mwanga wa simu. Alikaa huko sana. Alipotoka hakuwa anacheka.

"Baba, raba zimechanika zote mbili. Ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Chini," mzee akasema. Kisha akasema, "Chini... nadhani." Akamgeukia mkewe, na uso wake, mdogo wangu ananiambia, ulikuwa kama wa mtoto aliyepotea sokoni. "Mama watoto, wewe ulikuwepo. Sikulishusha?"

Angesema hukulishusha, lingefuata swali jingine: na wewe uliona, mbona hukuniambia?

"Mambo ya bolti mimi nayajulia wapi?" akajibu.

"Kweli," mzee akasema. "Ungejulia wapi."

Funguo akazitoa mfukoni mwenyewe. Wiki ileile boksi la spana akawapelekea vijana wa barabarani, na alipoulizwa akasema kichwa chake kimeharibika, asije akaua mtu. Kichwa hakijaharibika! Ni hasira tu, siku moja, na nani asiyesahau akiwa na hasira? Lakini yeye keshaamini. Sasa anamwuliza mkewe kila kitu: mlango nimefunga? dawa nimekunywa? Anamshika mkono, anamwambia, "Ukiona nasahau jambo, niambie. Sina mwingine."

Mdogo wangu akisikia hivyo huenda bafuni, akafungua bomba la maji.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, pole yako kaa nayo, sijaiomba. Unaye mtu uliyemwona akikosea, ukanyamaza ili umkomoe. Nenda kamwambie leo, kwa mdomo wako. Kisha njoo unieleze alikufanya nini, alikufukuza au alikupa kiti, na usinidanganye. Mdogo wangu anangoja kusikia kabla hajathubutu, na mumewe hana miaka ya kungoja.