Spika Tano za Arobaini ya Somoe

Haya ninayoandika ni ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu peke yangu, sina wa kumgawia hata kipande. Pale Lisekese mpaka leo ukiuliza Mzee wa Spika anakaa wapi utaonyeshwa, ingawa sikai tena pale, na wapo watoto wasiojua kama nina jina jingine. Shule niliishia darasa la tatu (mwalimu wa la nne alikuwa anapiga, na mimi nilikuwa na miguu mizuri ya kukimbia), kwa hiyo mkiona maneno yamekaa upande mnivumilie, ila mambo yalikuwa hivi hivi ninavyoyasema.

Kwetu mwanaume akioa anahamia kwa mke. Mimi nilitoka Lupaso kijana, nikaja Lisekese kwa Somoe nikiwa na mkeka mmoja na jembe moja, nikajenga nyumba, nikapanda mikorosho, na kila mkorosho pale naujua kama mtu anavyowajua watoto wake, huu unachelewa kuchanua, ule unaangusha mabibo matamu. Lakini ardhi ni ya ukoo wao, na ukoo una mwenyewe, naye ni Bakari, kaka yake Somoe, anakaa Newala. Mtu mfupi, sauti ya chini, hajanitukana hata siku moja. Ila kila akija alikuwa ananiuliza mbele za watu, "Shemeji, lile jembe ulilokuja nalo bado lipo?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini moyoni sicheki.

Tulipata mtoto mmoja tu, Abdu, naye ni mwanaume, akaoa Tunduru akahamia huko huko. Sasa hapo ndipo ilipo habari. Tungekuwa na binti, nyumba ingekuwa ya binti, na mimi ningezeekea kwake. Hatukuwa naye. Somoe akitangulia yeye, Bakari anaweza kuniambia shemeji asante, chukua jembe lako, na hakuna wa kumlaumu, ndivyo ilivyo.

Somoe alilijua hilo. Alipolazwa mara ya mwisho akaniomba simu, akamwomba nesi ambonyezee pale pa kurekodi, akaongea, mimi nimetoka nje kumtafutia uji. Niliporudi akaniambia, "Baba Abdu, nimemwambia kaka akuache pale mpaka siku yako. Siku ya arobaini yangu umpe asikie, wazee wakiwepo." Nikamwambia aache maneno ya arobaini, atapona. Hakupona.

Nilijaribu kuisikiliza peke yangu. Ikaanza, "Kaka Bakari, shikamoo," nikazima. Sikuweza kuendelea.

Abdu alipokuja msibani akaniambia, "Baba, siku hiyo mpe mjomba simu mkononi, aweke sikioni, wazee wamzunguke, basi." Neno la akili kabisa lile, na mimi ndiye niliyelikataa. Nikajiambia Bakari akipewa simu atasikia peke yake, atazima, atasema hajasikia kitu. (Siku zote hizo hakuna hata siku moja niliyomkamata kwa uongo, lakini moyo ukishachukia unajitungia.) Na kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mwanangu. Nilitaka siku hiyo Bakari aone kitu kikubwa ndani ya nyumba yangu, asiulize habari za jembe.

Basi nikachukua pesa ya korosho nikaenda Masasi mjini, kwenye duka la dada mmoja mtu wa Mbeya, anaitwa Mama Neema, anauza redio na televisheni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka redio kubwa."

"Ya muziki au ya filamu?"

"Ya kusikia mtu anaongea."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Basi chukua hii ya spika mbili, Baba, inakutosha na inabaki."

Spika mbili hata kinyozi wa Mkomaindo anazo. Nikamwonyesha ile iliyokuwa juu, ina taa za bluu zinapanda na kushuka. Akaniambia ile ni hom thieta, na lile boksi jeusi zito linaitwa risiva, ndilo linalopokea sauti na kuzigawia spika, kila spika na fungu lake, na zote zinakaa chumba kimoja zimemzunguka mtu anayeangalia filamu. Akanishikisha moja moja. "Hizi nne ni za muziki na vishindo, kama mvua, kama magari. Hii ndefu inayolala ndiyo ya katikati. Mtu akiongea, maneno yanatoka humu. Umenielewa, Baba?"

"Nimekuelewa sana, mwanangu."

Nilikuwa natazama taa.

Sasa hesabu niliyopiga njiani ndiyo iliyoniua. Arobaini kwetu watu hawakai ovyo. Wajomba waliotoka Newala wanakaa barazani. Masheikh na majirani wanaume wana turubai lao. Watani wana pembe yao, maana watani wana kazi yao msibani. Ndugu zangu wa Lupaso wanakaa upande wao, na ukiwachanganya na wajomba watasema wamedharauliwa. Wanawake wako nyuma, jikoni. Hesabu, ni makundi matano. Na spika ni tano. Nikasema Mungu huyu anapanga mambo, kila kundi lipewe spika yake, asiwepo wa kusema amesahauliwa. Nikanunua waya mrefu, nikaupitisha juu ya bati na chini ya majamvi, siku mbili nahangaika kwenye ngazi na umri huu. Zile nne zilizofanana, nzuri, nikawapa wanaume. Ile ndefu haikuwa na mwenzake, imekaa kama tofali, nikaona haina heshima. Nikaipeleka jikoni, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa.

Mkinicheka hapo sitawalaumu.

Siku ikafika, hitima ikasomwa, sheikh akafunga dua akasema la simu ni lenu wenyewe wenye msiba. Nikasimama mlangoni, nimevaa kanzu ya Idi, nikasema, "Ndugu zangu, marehemu ana neno kwa kaka yake." Bakari akaweka kikombe chini. Nikaingia ndani kwenye risiva, simu imechomekwa tayari, nikabonyeza.

Mle ndani lilibaki boksi kubwa la besi, lile la mivumo lililokuja na zile spika tano, likawa linasema mm, mm, mm, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikajua nje ndiko maneno yanakosikika. Nikatoka kifua mbele.

Bakari alikuwa ameinama, sikio kwenye spika, kama mtu anayesikiliza mzinga kama una nyuki. Humo mnatoka pumzi. Kitanda kinalia, pumzi tena, halafu sauti kwa mbali sana isiyo na neno. Kwa masheikh vile vile. Kwa watani vile vile, na hapo mtani wetu Saidi, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasimama akasema, "Jamani leteni pilau, marehemu tumbo linamnguruma huko aliko."

Wakacheka. Mtani msibani ana ruhusa, humkasirikii. Hata ndugu zangu wa Lupaso walicheka. Bakari hakucheka.

Nikakimbilia ndani nikashika rimoti, nikabonyeza cha kwanza, cha pili, kila kitufe kilichokuwepo, na kioo cha mashine kinaandika maneno ya Kizungu ambayo hata yangekuwa ya Kiswahili ningeyasoma kwa shida. Sasa Somoe wangu akawa kama anakohoa ndani ya kisima, kila pumzi inarudi mara tatu, watoto nje wanamwiga. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Bati likatetemeka, chupa ya chai ikaanguka.

Ndipo tukasikia vilio kutoka nyuma.

Tulidhani mtu ameungua. Tukakimbia wote, Bakari mbele, mimi na rimoti mkononi, tukakuta wanawake wamekaa chini kwenye majivu wanalia, na juu ya kinu ile spika ndefu inamalizia, sauti yake mwenyewe, safi, kama amesimama pale anapepeta mchele, "...basi kaka yangu, niishie hapo." Ikanyamaza.

Bakari akakisogelea kinu. Akauliza kwa sauti yake ya chini, "Amesema nini?"

Mama Kassimu, jirani yetu, akafungua mdomo. Bakari akamwinulia mkono. "Asante, mama. Hili ni la ukoo." Akamgeukia Sharifa, mdogo wake, ambaye ndiye aliyeshika sufuria. Sasa mjue kwamba huyu Sharifa ana binti, Rehema, ameolewa hana pa kujenga, na maneno ya kwamba Rehema atawekwa nyumba ile yalishaanza hata Somoe hajazikwa.

"Sharifa, wewe ni wa kwetu. Umesikia nini?"

Sharifa akageuza pilau, akageuza tena. "Nimesikia anasema mumewe anapenda makubwa. Anapenda makubwa hata pasipo haja, tumvumilie."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Na mimi nimesimama na rimoti.

"Na jingine?"

"Jingine moshi uliniingia."

Nikamshika Bakari mkono, nikamwambia, "Shemeji, njoo usikie kwenye simu, sasa hivi, ipo yote." Akautoa mkono wangu taratibu. "Umemwita dada yangu mbele za watu, wamemcheka. Simwiti tena leo."

Pilau lilikuwa zuri, nasikia. Alasiri wazee wao wakakaa, wakanishukuru kwa kumtunza dada yao, nyumba akapewa Rehema, na mimi nikapewa mpaka msimu wa korosho uishe. Bakari alipokuwa anaaga nilisubiri aniulize habari za jembe. Siku hiyo hakuniuliza.

Msimu ulipoisha nilipanda Newala na simu yangu. Nilimkuta Bakari uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Nikampa simu bila salamu nyingi, akaiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza yote mpaka mwisho, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Akanirudishia.

"Ndiye yeye," akasema. "Amesema ukae mpaka siku yako."

"Ndivyo alivyosema."

"Na mimi ningekuacha, shemeji. Ungenipa hivi hivi siku ile, mkononi." Akaokota mng'oko mwingine, akaumenya nusu. "Rehema sasa yumo na kichanga. Wazee wameshasema. Nitamtoaje?"

Nilitamani awe mwongo kama nilivyomdhania, ningepata wa kumchukia njiani nikirudi.

Sasa nimepanga chumba Mkomaindo. Risiva ipo, nimeiwekea mtungi wa maji juu, na spika nne ziko uvunguni. Ya tano ilibaki kule jikoni, nasikia Rehema anaikalia akipika. Nimeapa sinunui tena kitu chochote kwa ajili ya macho ya mtu. Mchana, wapangaji wakienda kazini, nachukua simu naiweka sikioni, nasikiliza yote, pale anaponitetea na pale anaposema napenda makubwa, na hapo husikika anacheka kidogo, jambo ambalo Sharifa hakulisema.

Inasikika vizuri kabisa. Ilikuwa inasikika tangu mwanzo.