Kiti cha Mpiga Picha

Wanaonunua picha zake za ziwa na ukungu husema mpigaji lazima ni mtu mtulivu kweli. Mkewe anamjua vingine. Nyumbani mwanamume huyo hatulii, utadhani amekalia siafu: tonge la kwanza yuko mlangoni anatazama mawingu, la pili yuko dirishani, na vidole vyake vinachezea kifuniko cha lenzi mfukoni, tak, tak. Yale maji ya pichani hutulia kwa ujanja tu. Kamera huachwa wazi dakika kadhaa, na chochote kinachopitapita mbele yake hufutika. "Anayetulia ndiye anayeonekana," hupenda kumwambia mkewe.

Jioni moja mkewe akaitega kamera hiyo juu ya kabati, akaiacha wazi wakati wa chakula. Kesho yake akamwonyesha picha. Meza ipo. Mke na watoto wamefifia kidogo, lakini wapo. Katikati yao kiti kitupu.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, baba watoto. Ulikula ukashiba."

Akavuta kiti kile, akakaa. Mkewe akaanza kuhesabu moyoni. Kabla hajafika thelathini, mlango ulikuwa wazi.