Kikohozi cha Marehemu

Mdomo wangu sikuupata jana, na msibani ndiko ulikokuwa na kazi. Sisi Wayao na Wamakonde ni watani. Wakifiwa wao, tunakwenda kuwachekesha, na hakuna wa kununa. Ndiyo mila yetu. Nasema mapema usije ukadhani naitupia mila lawama. Kosa lilikuwa langu.

Jirani yangu alikuwa Mmakonde, mkulima wa korosho. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, huko upande wa Madimba, nyumba zilipangwa mstari mmoja, zimebanana, hata mlango wao wa uani ukawa unatazamana na jiko langu la nje. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtu. Yule bwana ndiye aliyeniezekea nyumba, na hakutaka hata kikombe cha uji. Alipougua kifua nilimsikia akikohoa miezi miwili: mara tatu fupi, halafu moja ndefu ya kuvuta, halafu "Ewe Mola." Nilikuwa najifunika khanga usoni, nalia peke yangu.

Akafa. Wanawake tulijaa chumbani, mjane kakaa katikati ya mkeka. Nikavaa koti la marehemu, nikasimama kama alivyokuwa akisimama kwenye mikutano ya kijiji: "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina mengi." Na kila mtu alijua alivyokuwa na mengi, mpaka jua linazama. Chumba kizima kikaangua kicheko. Hapo ningekaa chini. Lakini kile kicheko, jamani, kilinipanda kichwani. Nikakohoa. Mara tatu fupi, moja ndefu, "Ewe Mola."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Mjane alicheka kuliko wote, akipiga mkeka kwa kiganja, nami nikajiona nimefanya jambo la maana. Kikohozi kilekile kilichokuwa kikiniliza, siku ile hakikuniuma hata kidogo. Wanasema kifo cha wengi harusi. Sawa, lakini mume alikuwa wa mmoja.

Wiki ya tatu, wageni wote wamekwisha kurudi makwao, nilikwenda mchana kumjulia hali. Alikuwa kwenye eda, kakaa peke yake ndani, karibu na mlango ule wa uani. Nikaanza zangu: "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina mengi." Uso wake haukutikisika.

"Mtani," akasema, "siku ile nilicheka."

"Si tulicheka wote."

"Nyinyi mlikuwa mnamcheka jirani. Mimi mume wangu." Akatupa jicho mlangoni. "Kila nikikikumbuka kikohozi chake, kinanijia na vicheko vyenu. Sasa watu hawapo. Hebu nikoholee tena, nimlilie."

Nikafungua mdomo. Kikohozi hakikutoka. Mbele ya chumba kizima niliweza, tena bila kuombwa. Mbele ya mwenye msiba wake, tukiwa wawili tu, niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Naye alikuwa anangoja, macho mdomoni kwangu.

"Ngoja nikatazame mihogo," nikamwambia. "Nimeiacha motoni."

Akageuza shingo akalitazama jiko langu, lile lililokuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi. Sikuwa nimewasha moto siku hiyo.

"Haya, mtani," akasema. "Isije ikaungua."