Bwana Mabati na Bei ya Daraja

Bwana Mabati alianza na misumari tu, kaipanga juu ya gunia kando ya barabara, mpaka akafungua duka la vifaa vya ujenzi ambalo kila fundi alilijua. Kwenye kununua, hapo usimguse! Bei isipompendeza, anageuza mgongo na kuondoka zake. Haki ya Mungu, hakuna muuzaji aliyemwacha afike mbali. "Njoo bwana, rudi tuelewane!"

Watu wakampa ubunge kwa jambo moja: daraja. Mto ulikuwa umewachosha. Dada yake mkubwa, mkunga, alikuwa akivusha wajawazito kwa mtumbwi hata maji yakichafuka.

Serikali ikaleta hoja ya daraja jembamba, la watu na pikipiki. Wapinzani wakaapa kuiangusha. Asubuhi ya kura dada alimpigia simu.

"Mdogo wangu, hilo hilo jembamba tulichukue. Mtaka yote hukosa yote."

"Dada, mambo ya bei niachie mimi," akacheka.

Ukumbini hesabu ya pande mbili ilikuwa imekaribiana. Akamsogelea waziri, akamnong'oneza, "Bila kura yangu hampiti. Lipanue, malori yapite, nami niko nawe."

"Mheshimiwa, fungu la fedha ndilo hilo."

"Basi, yaishe."

Akageuza mgongo. Akatembea polepole, masikio yote nyuma. Kengele ya kura ikalia. Ataniita tu huyu, akajisemea. Akatoka mpaka koridoni, akajifanya anaweka tai vizuri. Mlinzi akafunga mlango.

"We! Fungua, mimi mbunge!"

"Nakujua, mheshimiwa. Kengele ikishalia mlango haufunguliwi mpaka kura ziishe."

Lo! Mtu mzima na kitambi chake akabaki anagonga mbao kwa viganja. Ndani majina yalikuwa yanaitwa. Likaitwa lake, likarudiwa, wakaendelea na la mwingine. Hoja ikaanguka kwa kupungukiwa kura moja.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alitamani kuitupa, lakini akapokea.

"Mdogo wangu, redio inasema hoja imepungukiwa kura moja!" Nyuma ya sauti ya dada kulikuwa na mwanamke anapiga kelele za uchungu. "Tunampakia huyu mtumbwini, na mto umejaa. Ni mpuuzi gani aliyetunyima kura? Nitajie!"

Akaegemea mlango uliofungwa.

"Ni mimi, dada."

Akamsikia dada akimwambia mpiga kasia waondoke.